Mhandisi ni Nani? Funzo la Neno Moja na Milango Mitatu

  Mwaka huu mhariri amenipa kurasa hizi niandike funzo la msamiati, nami nimechagua neno moja tu: mhandisi. Najua wapo watakaosema, "Ah! Neno moja, kurasa zote hizo?" Subirini kidogo. Neno hili lina mambo.

Haya basi, tuanze na jaribio dogo. Soma kifungu hiki polepole:

Mhandisi alifika darajani alfajiri, kabla ya vibarua. Alivaa kofia ngumu ya manjano na buti zilizojaa tope. Alikunjua ramani juu ya boneti ya gari, akaikagua nguzo ya tatu, kisha akatikisa kichwa. "Ufa huu haukuwepo wiki jana," alisema. Akatoa simu, akaagiza barabara ifungwe mara moja.

Sasa fumba macho. Umemwona nani? Ana ndevu ama amesuka nywele? Sauti yake ni nzito au nyororo? Wengi niliowasomea kifungu hiki hapa shuleni, wavulana kwa wasichana, walinijibu bila hata kufikiri: "Ni mwanamume, si ndiyo?" Rudi ukisome tena. Hakuna mahali popote kinaposema hivyo. Mwanamume huyo ametoka kichwani mwako mwenyewe.

NENO NA ASILI YAKE

Tunajua sote kwamba mhandisi ni nomino ya ngeli ya A-WA. Mhandisi anapima, wahandisi wanapima. Kiambishi "a-" hakijali kama anayetajwa ni mke au mume. Kuna lugha ambazo ukitaka kusema "alifika" ni sharti kwanza uamue kama ni yeye wa kiume au wa kike. Kiswahili hakitulazimishi. Daktari, rubani, nahodha, dereva, mwashi, seremala, fundi na mhandisi ni maneno ambayo yeyote anaweza kuyavaa yakamtosha.

Asili ya neno lenyewe je? Tumelipata kutoka Kiarabu, muhandis, na Waarabu nao walilijenga juu ya neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Kwa hivyo ukilichimba neno mhandisi mpaka kwenye mzizi utakuta mtu anayepima. Halisemi misuli, wala halisemi ndevu.

Tazama pia neno fundi. Ni ndugu wa funza, fundisha, mafunzo na mwanafunzi. Ni ndugu vilevile wa kitenzi funda, kile tunachokitumia tunaposema mwari amefundwa na somo wake. Neno hilohilo linalomwelekeza msichana katika utu uzima ndilo lililomzaa fundi wa gari na fundi wa umeme. Basi imekuwaje msichana afundwe, lakini akitaka kuwa fundi watu washangae?

Magazeti yetu nayo hupenda kuandika "mhandisi wa kike". Je, umewahi kusoma popote "mhandisi wa kiume"? Sisemi maneno hayo yasitumike kabisa. Tunayahitaji tunapohesabu, manake asiyehesabiwa hupotea. Lakini tukiyatumia kila mara, tunamfundisha msomaji kuwa mhandisi wa kweli ni mwanamume, na huyu mwingine ni kioja.

NYUMBA ILIJENGWA NA NANI?

Watu husema ati ujenzi na mitambo si desturi ya wanawake wa Kiafrika. Kwa hakika historia ya nchi yetu inasema vingine. Miongoni mwa Wamaasai, nyumba hujengwa na mwanamke. Yeye ndiye anayesimamisha miti, anayefunga fito na anayeikandika kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Huko kaskazini, miongoni mwa Warendile na Wagabra, nyumba ya kuhamahama ni ya mwanamke. Yeye huisimamisha, huibomoa wakati wa kuhama, na huipakia juu ya ngamia miti na mikeka yake yote, kisha huijenga upya mahali papya. Hebu fikiria: nyumba isiyoangushwa na upepo wa jangwani, lakini iliyo nyepesi kiasi cha kubebwa na mnyama. Kama hiyo si hesabu ya uzito na nguvu, ni nini?

Mambo yalibadilika kazi ya ufundi ilipoanza kuwa na cheti na mshahara. Wakati wa ukoloni, kituo cha mafunzo ya ufundi kilifunguliwa Kabete katika miaka ya 1920. Waafrika walifundishwa huko useremala, uashi na uhunzi, na wanafunzi wake walikuwa wanaume. Wasichana wachache waliopata shule walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Huo haukuwa uamuzi wa maumbile. Ulikuwa uamuzi wa ofisi, nao ukarithiwa kizazi baada ya kizazi mpaka ukaonekana kama desturi ya tangu jadi.

Matokeo yake tunayaona hadi leo, na si hapa kwetu pekee. Ripoti ya Sayansi ya UNESCO ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba kati ya kila watu 100 waliohitimu uhandisi duniani, wanawake walikuwa 28 tu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Ni kweli Katiba haizungumzii madarasa ya uhandisi. Lakini chukua kipimo hicho ukilinganishe: dunia nzima haijafikisha hata theluthi moja.

Nimejiuliza sana, je, hawa wasichana hupotelea wapi? Jibu nililolipata ni kwamba hawapotei wote mahali pamoja. Wanapita milango mitatu, na katika kila mlango wapo wanaobaki nje.

MLANGO WA KWANZA: SOMO

Kozi za shahada za uhandisi wa ujenzi, wa mitambo na wa umeme hutaka Hisabati, Fizikia na Kemia. Hisabati tunaisoma sote. Kemia husomwa na wengi. Fizikia ndiyo yenye ufunguo, na ndiyo inayoachwa. Kila mwaka watahiniwa wa Fizikia katika KCSE huwa wachache mno wakilinganishwa na wale wa Bayolojia na Kemia, na miongoni mwa hao wachache wavulana ndio wengi.

Sisi wa mfumo wa 8-4-4 tuliufikia mlango huu mwishoni mwa kidato cha pili, tulipochagua masomo. Tulikuwa na miaka kumi na mitano au kumi na sita. Msichana aliyeiacha Fizikia siku hiyo hakuambiwa na mtu, "Leo umeacha kuwa mhandisi." Alijaza fomu tu, akaenda chakula cha mchana. Mlango ulifungwa kimyakimya, na yeye mwenyewe hakusikia.

Wadogo zetu wa mfumo wa umilisi wanaufikia mapema zaidi. Wao huchagua mkondo wakiwa gredi ya tisa. Mdogo wangu ni mmoja wao. Anapenda kufungua redio mbovu ya babu na kuunganisha nyaya zake, lakini juzi alimwambia mama kwamba hatachagua mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, "kwa sababu Fizikia ni ya wavulana." Nilimuuliza ni nani aliyemwambia. Akasema, "Hakuna. Kila mtu anajua." Ndugu msomaji, maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

"Kila mtu anajua" hutoka wapi? Ingia maabara siku ya majaribio ya umeme. Vifaa ni haba, kwa hivyo tunagawanywa katika makundi. Mvulana anashika ammita, mwingine anaunganisha nyaya, na msichana je? Anaandika matokeo, manake ana mwandiko mzuri. Wiki ijayo ni hivyohivyo. Baada ya muhula mmoja, mvulana amezoea kifaa na msichana amezoea kalamu. Mtihani wa vitendo ukija, mikono yake inatetemeka, naye anaamini kuwa Fizikia imemkataa. Waama, ni kifaa ambacho hakuwahi kupewa.

Isitoshe, kuna ushauri wa nia njema unaoumiza. "Chukua somo rahisi usije ukaangusha wastani." "Mume atakuogopa." Maneno kama haya hayasemwi kwa ubaya, lakini yakirudiwa mara mia yanakuwa ukuta.

MLANGO WA PILI: CHETI NA CHAMA

Tuseme msichana amefaulu, amesoma na amejua. Je, kujua kunatosha? Hapa naomba twende Uingereza kidogo, kwa sababu huko mlango wa pili ulifungwa waziwazi, na waliougonga wanajulikana kwa majina na miaka.

Hertha Ayrton alizaliwa mwaka 1854. Alisoma Hisabati katika chuo cha Girton, Cambridge, akafaulu mtihani mwaka 1880, lakini hakupewa shahada. Chuo Kikuu cha Cambridge hakikuwapa wanawake shahada kamili hadi mwaka 1948. Mama huyu hakukata tamaa. Siku hizo barabara nyingi za miji zilimulikwa kwa taa za tao la umeme. Vijiti viwili vya kaboni viliwekwa karibu karibu, umeme ukaruka kutoka kimoja hadi kingine na kutoa mwanga mkali. Tabu ni kwamba taa hizo zilitoa sauti kama ya nyoka, ssss, na mwanga ukayumbayumba. Ayrton alifanya majaribio mengi akagundua chanzo: hewa ya oksijeni ilikuwa inaingia katika shimo la moto kwenye ncha ya kaboni. Mwaka 1899 alisoma utafiti wake mbele ya wahandisi wa umeme wa Uingereza, na mwaka huohuo chama chao kikamkubali kuwa mwanachama wa kwanza wa kike.

Je, mlango ulibaki wazi? La hasha. Mwaka 1902 alipendekezwa kujiunga na Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi cha huko. Alikataliwa. Sababu haikuwa utafiti wake. Walisema sheria haikumtambua mwanamke aliyeolewa. Mwaka 1906 chama hichohicho kilimtunukia nishani ya Hughes kwa kazi yake. Yaani nishani alistahili, kiti hakustahili! Wanawake wa kwanza kuchaguliwa katika chama hicho waliingia mwaka 1945, na Ayrton alikuwa amefariki tangu mwaka 1923.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Wanaume walipokwenda vitani, wanawake wa Uingereza waliingia viwandani kwa maelfu. Walichonga vyuma, wakatengeneza makombora, wakaunda mitambo. Ilionekana wazi kuwa wanaweza. Lakini vita vilipokwisha, sheria ilipitishwa mwaka 1919 ya kurudisha desturi za kazi za kabla ya vita, na wengi wao wakaambiwa warudi nyumbani.

Wanawake saba hawakukubali. Tarehe 23 Juni 1919 walianzisha Chama cha Wahandisi Wanawake. Kati yao walikuwemo Katharine Parsons na bintiye Rachel, mke na mtoto wa Charles Parsons, aliyebuni tabo ya mvuke mwaka 1884. Tabo ni gurudumu lenye mapanga mengi linalozungushwa na mvuke ili kuzalisha umeme. Ukifika Olkaria, karibu na Naivasha, utaona mvuke wa kutoka ardhini ukizungusha tabo za mvuke tangu mwaka 1981. Taa unayosomea jarida hili huenda inawaka kwa kazi ya uvumbuzi uliotoka katika familia hiyo.

Chama hicho kilifanya nini? Sikiliza mfano huu mmoja. Mwanachama wake, Margaret Partridge, alikuwa na kampuni ya kuingiza umeme vijijini. Alitafuta msichana wa kumfundisha kazi, akampata Beatrice Shilling, ambaye tangu utotoni alipenda kufungua pikipiki. Bi. Partridge hakumpa kazi tu. Alimhimiza aende Chuo Kikuu cha Manchester kusomea uhandisi wa umeme. Shilling akaenda, akahitimu mwaka 1932, kisha akaongeza shahada ya pili katika uhandisi wa mitambo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, ndege za kivita za Uingereza zilikuwa na kasoro ya kutisha. Rubani akiinamisha pua ya ndege ghafla ili amfuate adui, petroli ilirushwa juu ndani ya kabureta, injini ikakohoa, mara ikafurikwa na mafuta na kuzimika. Shilling alikuja na suluhisho: kijisahani kidogo cha chuma chenye tundu, kilichowekwa kwenye njia ya mafuta. Tundu lilipimwa lipitishe mafuta ya kutosha injini ifanye kazi kwa nguvu zote, lakini yasizidi hapo. Kiliwekwa mwaka 1941, bila haja ya kuing'oa injini kutoka kwenye ndege. Kitu kidogo kama sarafu, lakini kiliokoa marubani.

Mtazame aliyemfungulia Shilling mlango. Ni mwanamke aliyeingia kabla yake na hakuufunga alipoingia. Wahenga walinena, mkono mmoja haulei mwana. Siku hizi tarehe 23 Juni huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Kimataifa ya Wanawake katika Uhandisi.

Hapa Kenya mlango wa pili uko wazi kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha anahitaji angalau miaka mitatu ya kazi kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Sheria haiulizi jinsia. Lakini tazama sharti lenyewe: miaka mitatu ya kazi. Basi ukinyimwa kazi yenyewe unyoofu wa sheria utakufaa nini? Hapo ndipo tunapofika kwenye mlango wa tatu.

MLANGO WA TATU: KAZINI

Nina binamu aliyesomea uhandisi wa ujenzi. Humwita dada, kwa kuwa amenizidi umri. Akiwa mwaka wa tatu alikwenda kwa mafunzo ya nyanjani, yale tunayoyaita atachimenti, katika kampuni moja iliyokuwa ikijenga barabara. Jina la kampuni halina haja hapa. Alikuwa msichana pekee kati ya wanafunzi wanne.

Siku ya kwanza wavulana watatu walipelekwa kwenye barabara. Nyapara akamwambia, "Madam, wewe kaa ofisini, huku kuna vumbi."

Dada akajibu, "Mzee, vumbi hilo ndilo nililokuja kusomea."

Watu walicheka, naye akabaki ofisini. Kwa wiki tatu alipiga chapa barua na kuchemsha chai. Alipokubaliwa kutoka alipewa buti za namba tisa, ilhali mguu wake ni wa namba tano. Alizijaza vipande vya leso kuukuu ili zisimvuke. Choo hakikuwepo. Wanaume walienda vichakani bila shida. Yeye alikuwa haonji maji tangu asubuhi hadi jioni, kwenye jua la mchana kutwa, ili asihitaji kwenda. Kila jioni alirudi na maumivu ya kichwa. Wageni wakifika, walimpita yeye wakamwuliza kijana wa kubeba vifaa, "Injinia yuko wapi?"

Angalieni, hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemwambia hafai. Nyapara yule alidhani anamfanyia hisani. Ndiyo maana mlango wa tatu ni mgumu kuuelezea: mtu anatolewa nje kwa tabasamu.

Dada alifanya nini? Aliandika barua rasmi kwa mhandisi msimamizi, nakala kwa mhadhiri wake. Ilikuwa na mambo matatu tu: apangiwe zamu katika kila kitengo kama wanafunzi wenzake, apewe buti za kiasi chake, na kichimbwe choo cha wanawake, kwa kuwa hata mama wapishi pale walikuwa wakiteseka. Hakulalamika wala hakulia. Alitaja tarehe, akaambatisha kurasa za daftari lake la mafunzo zilizoonyesha wiki tatu za chai. Mhandisi msimamizi alimwita siku ya pili. Zamu zilibadilishwa, buti zikanunuliwa mjini. Choo kilichelewa mpaka wiki yake ya mwisho, lakini kilijengwa, na mama wapishi walibaki nacho. Katika wiki alizobakiza, alishika darubini ya kupimia miinuko ya barabara, na leo ana miaka miwili kazini akielekea kusajiliwa.

Mnaodhani barua rasmi tunafundishwa kwa ajili ya mtihani tu, mwasikia?

HASARA NI YA NANI?

Huenda mvulana anayesoma hapa anasema, "Hayo ni ya wasichana, mimi hayanihusu." Pole, ndugu yangu. Yanakuhusu, na nitakupa sababu.

Magari hupimwa kwa kugongeshwa ukutani yakiwa na sanamu ndani. Sanamu iliyotumika zaidi duniani ilibuniwa Marekani mwaka 1976. Ina urefu wa sentimita 175 na uzito wa kilo 78 hivi, yaani mwanamume wa wastani wa huko. Mikanda na viti vikatengenezwa kumkinga yeye. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ulionyesha kuwa kwa madereva waliofunga mkanda, uwezekano wa mwanamke kuumia vibaya katika ajali ulikuwa juu kwa asilimia 47 kuliko wa mwanamume. Sidhani kuna mhandisi aliyekusudia mama yako aumie. Waliokaa mezani walipima kwa miili waliyoijua, na miili mingine haikuwakilishwa.

Sasa leta hoja hiyo nyumbani. Ni nani hupiga pampu ya kisima kwa wingi? Ni nani hupanda ngazi ya matatu akiwa amebeba mtoto mgongoni na mzigo mkononi? Ni nani hukosa choo sokoni? Anayetumia kitu kila siku anajua kinapouma. Akiwa ndiye anayekichora, atakirekebisha kabla hakijajengwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huonwa kwanza na anayelala chumbani humo.

TUFANYE NINI?

Nisije nikaonekana nimetaja maradhi nikaficha dawa. Haya ndiyo ninayoyapendekeza hapa shuleni kwetu, na hakuna hata moja linalohitaji harambee.

Kwanza, katika maabara, kazi za kundi zizunguke kila wiki. Aliyeandika leo ashike kifaa wiki ijayo, mvulana au msichana. Mwalimu abandike orodha ukutani.

Pili, kabla ya mwanafunzi kuacha Fizikia au kuchagua mkondo, aonyeshwe kwenye karatasi moja ni kozi zipi zinafungwa na uamuzi huo. Akiiacha, aiache akijua.

Tatu, siku ya wageni wa nyanja za kazi tumwalike mhandisi, na tusiandike kwenye bango "mhandisi wa kike". Tuandike "mhandisi", kisha tumwache aingie jukwaani.

Nne, sisi wa kidato cha tatu na cha nne tuwasaidie wadogo zetu Fizikia jioni, mmoja amshike mmoja. Mimi nimeshaanza na yule wa kwetu. Fomu bado haijajazwa. Redio ya babu tumeifungua tena, na safari hii tunachora saketi yake kwenye karatasi.

Tano, sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuchunge kalamu zetu. Tukitunga insha yenye mhandisi, nahodha au rubani, tusimpe ndevu kabla hajajitambulisha.

Kwa leo naomba nikunje jamvi. Anayetaka kunipinga, milango ya mdahalo wetu wa Ijumaa iko wazi. Nimemaliza funzo, lililobaki ni zoezi.

ZOEZI

1. Taja nomino tano za ngeli ya A-WA zinazotaja kazi bila kutaja jinsia. Kwa kila moja, eleza ni nani anayekujia akilini kwanza, na kwa nini.

2. Eleza uhusiano wa maneno haya: fundi, mafunzo, mwanafunzi, funda.

3. Andika barua rasmi kwa msimamizi wa kazi ukiomba mambo mawili unayonyimwa katika mafunzo ya nyanjani. Taja tarehe na ushahidi.

4. Endeleza kifungu cha darajani kilichoko mwanzo wa makala haya kwa aya mbili. Usitaje jinsia ya mhandisi mpaka sentensi ya mwisho.